Asidi ya Maabara

Katika basi la kwenda Calama, mji wa jangwani nchini Chile, mzee Eleuterio Cutipa alicheka utani wa dereva, na binti aliyekaa naye akayaona meno yake. "Samahani, mzee wangu, mimi ni daktari wa meno. Nini kimeyala meno yako namna hiyo?"

"Asidi ya maabara," alijibu kwa fahari, kama askari anayeonyesha kovu. Kwa miaka thelathini alikuwa akikuza fuwele za molibdeni, metali ya migodini. "Tukizipiga eksirei, binti yangu, unaiona molibdeni imekaa katikati, oksijeni sita zimeizunguka kama wajukuu na bibi yao. Fuwele ikitoka safi, maabara nzima tunakula empanada, sambusa zetu!"

"Hebu fungua mdomo."

Akafungua. Mama wa kiti cha nyuma naye akachungulia, ingawa hakualikwa.

"Mvuke wa asidi hula meno ya mbele, kwa nje. Yako yameliwa kwa ndani, upande wa ulimi. Hiyo ni asidi ya tumbo inayopanda hadi mdomoni, mzee. Una kiungulia."

"Tumbo?" Eleuterio alijiona kama amevuliwa nguo hadharani. "Wenzangu wote nimewazika. Meno haya ndiyo alama pekee iliyobaki ya kazi yetu, nawe unaniambia ni tumbo!"

"Meno hayana unafiki, mzee. Kiungulia kilianza lini?"

Mzee alitazama jangwa dirishani, akameza mate machungu.

"Mwezi ule walipoifunga maabara."

Basi likasimama sokoni.

"Kwa hiyo ni asidi ya maabara," alisema Eleuterio, akashuka.