Nakala Moja Iliyobaki ya Mama Laurentine

Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025. Asubuhi ya mawingu mazito. Mvua ya alfajiri imeacha tope jekundu mpaka mlangoni mwa ofisi. Leo Mama Laurentine Nkandu anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika ofisi yetu ya lishe, hapa Lubumbashi. Tumeanza na hali ya hewa kwa sababu yeye ndiye aliyetuzoesha. Siku ya mvua, husema, watoto wengi hufika shuleni bila kula, basi iandikwe.

Alizaliwa Kabalo, binti wa fundi wa reli. Aliingia kazini Novemba 1994 kupima watoto wachanga kwa mizani ya kuning'iniza, na baadaye akakabidhiwa shule za Kampemba. Aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ili afike getini kabla ya kengele, aone watoto wananunua nini: mikate ya kukaanga, biskuti, soda tunazoziita sucré. Hakumnyang'anya mtoto kitu. Aliuliza, akaandika. Darasani, ili wapime ugali wao, alimwambia kila mmoja akunje ngumi yake mwenyewe: "Bukari ni ngumi yako, haiko ngumi ya papa yako!" Wengine wetu tulikunja ngumi zetu tukiwa nyuma ya darasa.

Mwongozo wa taifa wa ulaji bora wa watoto na vijana ulipofika, ulikuwa mnene na wa Kifaransa. Mama Laurentine aliufupisha kwa Kiswahili katika ukurasa mmoja. Tulichapa nakala 640, kila moja na namba yake, zikaenda shuleni na majumbani. Tulijisifu sana. Hiyo ilikuwa Machi 2023.

Mwezi mmoja baadaye, katika shule moja ya Bel-Air, aliuliza nani anafuata karatasi. Mikono yote ikapanda. Plamedie, msichana wa miaka kumi na mitatu, akasimama na kusema kwa fahari: "Shiye tunakulaka mboga kila siku, mama! Jana soseji, juzi samaki, leo kuku." Darasa likapiga makofi. Mama Laurentine hakupiga.

Karatasi ilisema mtoto ale mboga kila siku. Yeye alikusudia majani. Lakini majumbani mwetu mboga ni chochote kinachoshuka na bukari, na hilo alilijua tangu Kabalo. Kwa neno moja alikuwa amewasifu watoto kwa kile walichokuwa wanakula tayari.

"Nilikosa miye, haiko batoto," alituambia aliporudi. Tukapendekeza kuchapa upya. Akakataa: karatasi mpya ingeikuta ya zamani ukutani, na mtoto asijue aamini ipi. Akanunua kalamu ya kijani, akaanza kuzifuata nakala zake moja moja. Baada ya neno mboga aliongeza "ya majani", na chini yake: sombe, matembele, lengalenga. Kisha daftarini: namba, mahali, tarehe, mvua au jua.

Hapo ndipo alipopata jina. Papa Guelor, mlinzi wa shule ya Bel-Air, akimwona mbali alipaza sauti: "Mama Majani anakuya! Mufiche sucré!" Naye bila kupunguza mwendo: "We Guelor, ficha kwanza tumbo yako." Papa Guelor sasa analima matembele nyuma ya kibanda chake, na wiki iliyopita alituletea fungu zima, akasema ni la Mama peke yake, tusiguse.

Alitaka amalize kabla ya siku ya leo. Amezisahihisha nakala 639. Moja imebaki, namba 412, aliyopewa Bénie, mtoto wa darasa la tano ambaye wazazi wake walihamia Likasi. Mama Laurentine aliulizia kwa majirani, parokiani, hata kwa madereva wa njia hiyo. Jana alasiri alifungua daftari pale penye mstari mtupu, akaweka kalamu ya kijani juu yake na kwenda kuosha kikombe chake. Kikombe kimebaki kwenye rafu. Hakuna aliyethubutu kukisogeza.

Kuanzia Jumatatu hatutasikia ufunguo wake kabla ya jogoo wa jirani kunyamaza. Kiti chake cha dirishani tumeshakiangalia mara nyingi zaidi wiki hii kuliko kazi.

Asante, Mama, kwa kutuonyesha kwamba mtu mzima anaweza kurudi mara mia sita kumwambia mtoto, "nilikosea." Kesho jua likukute ungali umelala, na meza yako isikose mboga, zote mbili.

Na wewe unayesoma hapa, ikiwa una ndugu Likasi, mwambie atazame ukutani. Akiiona karatasi yenye namba 412, achukue kalamu ya rangi yoyote, aandike "ya majani". Kisha atuambie kama kulikuwa na mvua au jua. Mstari tumeuacha wazi.

Syntiche Chola, kwa niaba ya wenzake wa ofisi