Sindano Iliyomupitisha Mujukuu Wangu Mwisho wa Mbio

Ninyi vijana mutakaosoma haya kwenye telefone, mumelala chali na miguu juu ya ukuta, kaeni vizuri kwanza. Maneno haya niliyasema nimesimama, mbele ya wamama wa kundi letu la sala, na magoti yangu yanauma. Ninyi basi mukae. Shule niliiacha mapema. Makosa ya kuandika muniachie, lakini ukweli musiniguse. Majina sitataja. Wenyewe watajijua.

Nilisema hivi.

Wamama wenzangu, nimekuja kumushukuru Mungu, lakini nimekuja na hasira. Wengine wanatoa ushuhuda wakilia. Mimi sitalia. Nitagomba.

Munamujua mujukuu wangu, huyu niliyemulea tangu mama yake alipotutoka. Wote mulinunua makala yake, makaa ya kupikia. Aliyaleta kutoka porini juu ya kinga, baisikeli ile ya chuma kizito, gunia juu ya gunia, mpaka ukimuangalia kwa nyuma huoni mutu, unaona makala yanatembea yenyewe. Siku moja watu wa timu ya mbio walimuona kwenye mulima anawapita vijana wao. Wao na kinga nyepesi na kofia za rangi, yeye na makala na kandambili! Wakamuchukua. Nyumba nzima ilifurahi.

Katika timu ile kulikuwa na bwana wanayemuita dokta. Ndugu zangu, nawaambia, yule si dokta. Alikuwa anauza dawa za mbuzi, na za mbwa wa matajiri kule Karavia. Akavaa koti jeupe, akabeba mukoba, basi, amekuwa dokta. Akawaambia vijana, hii ni vitamini. Mutoto wangu akatoa paja, akachomwa.

Kuanzia hapo hakukaa tena. Alifagia kiwanja chetu, akafagia cha jirani, akaanza kuchimba shimo la choo, na choo tunacho. Mimi kambo yake, bibi yake, nikamuuliza, "Shimo hili la nani?"

Akajibu, meno yanagongana, "Kambo, mi sijue. Mikono njo inataka."

Mikono ndiyo inataka! Kichwa kilikuwa wapi?

Halafu ikaja mbio ya barabara ya Mokambo. Mwisho waliuweka kidogo kabla ya mupaka: utepe, ngoma, wakubwa kwenye viti vya plastiki. Mujukuu wangu akatokea wa kwanza, peke yake. Tukapiga vigelegele. Akapita utepe. Akapita wakubwa. Akanipita mimi na chupa ya maji mukononi. Nikaita, "We mutoto, imekwisha! Umeshinda!" Akaenda. Watu wakasema anaringa. Kumbe mutoto anakwenda Zambia! Walimukuta Mokambo, kwenye kiwanja cha duane, kwa watu wa ushuru, anazunguka kama mbuzi aliyefungwa kwenye kigingi. Askari anamuomba pasipoti, yeye analia machozi: "Papa, munishike! Miguu inakatala kusimama!"

Nyinyi mulicheka muliposikia. Nawaona hata sasa munaficha midomo na vitambaa. Chekeni, nitangoja.

Aliyemushika ni dereva wa kamyo, mufanyabiashara wa Butembo aliyekuwa anarudi na unga. Alimuteremusha kwa nguvu, akamulaza juu ya magunia, akamufikisha hospitali huku anamuombea njia nzima. Hatumujui, hatujui kanisa lake. Na wakubwa wa viti vya plastiki walikuwa wanakula nyama.

Hospitali, dokta wa kweli, mama mufupi wa sauti ndogo, aliniita pembeni. "Mama, moyo wa huyu kijana ulikuwa karibu kupasuka. Sindano nyingine kama ile, musimulete kwangu. Mumupeleke moja kwa moja makaburini."

Sasa musikie kilichoniwasha. Timu haikuja kumuona mugonjwa, hata na ndizi moja. Aliyekuja ni kijana wa mutaa wetu na kamera. Alikuwa anatengeneza filme ya kuchekesha juu ya watu wa kinga na dawa zao, lakini ameipanga kama habari za kweli: watu wanakaa kwenye kiti, wanaulizwa, wanajibu na sura kavu. Kwamba ni ya kuchekesha, hakuniambia.

"Kambo, weye njo ulimulea. Alikuwa anakunywa nini?"

Nikasema, munkoyo. Munajua munkoyo yangu ya barazani, mahindi na mizizi, hata padri anakunywa.

"Inamupa nguvu?"

"Inamupa nguvu. Na mimi inanipa. Hunioni?"

Basi. Wakakata, wakaunga, wakatia muziki. Kijana mumoja amejifanya mwalimu wa universite, anaonyesha munkoyo yangu ubaoni na fimbo. Halafu kinga inaruka juu ya kamyo! Filme ikazunguka muji wote. Wanaume wazima wenye ndevu wakajaa barazani. "Kambo, utupe ile ya kuruka." Mwingine, "Maman, hauna ile ya kuvuka mupaka bila pasipoti?"

Ningecheka na mimi. Najua kucheka. Lakini mukubwa wa timu alishika filme ile ya mchezo akaifanya ushahidi. "Mumeona wenyewe, ni mizizi ya kambo yake. Sisi tulitoa vitamini tu." Kwa kicheko kile mwenye mukoba akaoshwa akawa mweupe. Na munajua katika muji huu mwanamuke muzee akitajwa pamoja na mizizi, maneno yanaelekea wapi. Wakaanza kusema ninamuloga mutoto. Mimi! Niliyemutafunia bukari, ugali wetu, kabla hajaota meno!

Tena kibaya zaidi kikatokea ndani ya nyumba. Mutoto mwenyewe alianza kuamini, kwa sababu timu ilimuita tena na alitaka kwenda. "Kambo, labda ilikuwa munkoyo kweli." Nikaona kaburi limekaa sebuleni kwangu kama mugeni.

Siku moja muchana wakaja. Dokta wa uongo na mukoba wake, nyuma yake kijana wa kamera anatafuta sehemu ya pili ya filme. Mutoto amekwisha kukunja kaptula. Mugeni ni mugeni, nikaleta munkoyo. Nikamimina, nikanywa mimi kwanza mbele ya macho yao, kama tunavyofanya siku zote: anayekupa kinywaji anatangulia kukionja, moyo wako utulie. Wakanywa wote.

Nikamugeukia yule bwana. "Yangu nimeonja. Sasa weye. Umeleta kintu cha kumupa mutoto wangu. Tangulia. Jichome."

Akacheka. "Non, Maman, hii iko ya ba-coureurs, bantu ba mbio."

"Ulisema vitamini. Vitamini iko ya bantu bote. Jichome weye, unichome mimi, kisha yeye."

"Maman, vraiment…"

"Jichome!"

Jasho likamushuka mpaka kwenye kola. Akaangalia kamera, akaangalia mulango. Kisha akasema, kwa sauti ya mutoto aliyekamatwa anaiba sukari, "Maman, mi niko na tension, damu yangu inapanda. Docteur wangu alinikatalia bintu bya kukimbiza moyo."

Kijana wa kamera akapasuka: "Dokta naye iko na docteur!" Halafu akaigeuza kamera, maana alimuona mujukuu wangu. Mutoto alikuwa anamutazama yule bwana bila kupepesa. Akakunjua kaptula yake polepole.

"Weye ulijua," akasema. "Moyo wako unauchunga. Wangu njo wa mbuzi?"

Yule bwana akabeba mukoba akatoka.

Nikamushika kijana wa kamera kwenye shati. "Ile ya kwanza ulitia muziki. Hii utaitia yote, na muziki sitaki." Akaitia. Muji ukacheka tena, safari hii unamucheka anayestahili. Mama za vijana wengine wa timu wakaja kuwatoa watoto wao. Mwenye mukoba alifukuzwa. Mukubwa wa timu bado anakaa kwenye kiti chake na ananisalimia sokoni. Simuitikii. Mungu atanisamehe au tutazungumuza huko.

Ninamushukuru yule dereva, Mungu amulinde barabarani. Ninamushukuru dokta mufupi ambaye hakunificha kitu. Ninawashukuru nyinyi wamama mulioendelea kukaa barazani kwangu na kunywa, wakati watu walipita upande wa pili wa barabara. Na vijana wenu muwaambie, fundisho langu ni moja: mutu akikuletea kitu cha kuingia katika mwili wako, naye anakiogopa kwa mwili wake, usipokee. Hata akiwa na koti jeupe. Hata akiwa anakuchekesha.

Mujukuu wangu amepona. Dokta wa kweli amemuruhusu kupanda kinga, taratibu, na leo asubuhi amekwenda kwenye mbio yake ya kwanza tangu augue. Kabla sijatoka kuja hapa, niliwaita watu wote wa nyumba yangu, wakubwa na wadogo, nikawaambia: akirudi, hata akiwa anasukuma kinga kwa mikono, mufungue mulango, mumuwekee maji ya moto na bukari, na mutu asimuulize amekuwa wa ngapi.