Mkono wa Orpah Chini ya Gunia

Waombolezaji wenzangu, wachungaji, waheshimiwa, na ninyi wageni wetu wa serikali mliofika hapa Sindo mapema kuliko hata wapishi, mimi ni Okari, kitinda mimba wa Mzee Omwenga, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yangu, Mheshimiwa Orpah Nyakerario, bila kuruka neno, maana tangu asubuhi nimeombwa mara mbili nifupishe, na hakuna aliyenieleza haraka hiyo ni ya nini.

Orpah alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 kule Karungu, kifungua mimba wa wazazi wetu, Wakisii walioteremka na ndizi kuwauzia wavuvi na wasirudi tena. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Karungu hadi 1983, akamaliza kidato cha nne mjini Migori mwaka wa 1987, lakini shule yake kubwa ilikuwa ghala la baba, kwa sababu baba alipoanza kununua omena, dagaa wa ziwa letu, alimwita Orpah, mwenye mkono mwembamba, autumbukize hadi chini ya gunia na kuleta kiganja kimoja, kwani juu ya gunia kila mtu ni mwaminifu, mchanga hukaa chini.

Tarehe 13 Desemba 1992 alifunga ndoa na Simeon Ombui, fundi cherehani wa hapa Sindo, baada ya kumchunguza miaka miwili, si siri, shemeji yupo hapa na anajua, akiwauliza hata wateja wake kama suruali zao zilikuwa zikifumuka, na Mungu akawajalia Dorah mwaka wa 1994 na Mogire mwaka wa 1997. Aliuza omena kwa jumla, akaongoza akina mama wa soko, hadi chama chake kilipomteua mbunge maalum mwaka wa 2022, nadhani wakitarajia kwamba mama wa omena angekaa kimya na kupiga makofi. Wololo!

Huko bungeni aliwekwa katika kamati ya afya, na jambo la kwanza lililomtia wasiwasi ni kwamba kamati ikitaka kukagua kazi ya serikali hutuma barua kwanza, wiki mbili kabla, ili wenyeji wajiandae, na wenyeji, jameni, hujiandaa kweli kweli. Tarehe 6 Novemba 2024 walikwenda kukagua boti mbili za kubebea wagonjwa katika zahanati mbili za kando ya ziwa, asubuhi wakaonyeshwa boti ya kwanza, inang'aa, wakaimbiwa, wakaandaliwa samaki na ugali, chakula kikawa kirefu ajabu, kisha wakazungushwa kwa barabara hadi zahanati ya pili, wakaikuta boti ya pili, inang'aa vile vile, lakini injini bado ya moto na jina la zahanati likishika vidole kwa rangi mbichi. Wenzake walipiga picha, Orpah akainama chini ya kiti cha mgonjwa, akaliona doa jekundu la rangi ya kucha alilolipaka asubuhi kule kwenye boti ya kwanza.

Sasa ninyi Wasabato wenzangu mnakumbuka, maana sisi hatupaki kucha rangi, chupa ya rangi ile ilipoonekana kwenye mkoba wake kanisani wazee walimwita kumhoji, minong'ono ikazagaa kwamba Nairobi imemharibu, naye akajibu tu kwamba ni ya kazi, akakubali kukaa miezi mitatu bila wadhifa kanisani kuliko kuitoa siri kabla swali lake halijafika bungeni. Iliniuma sana, na bado inaniuma. Swali lilikuwa fupi, boti ni ngapi na ziko wapi leo, waziri akaitwa, akawa safarini, akaitwa tena, akawa mgonjwa, mwisho akapangiwa Jumanne, tarehe 27 Mei 2025, yaani keshokutwa.

Orpah aliishi na shinikizo la damu tangu 2019, akaanguka nyumbani Jumapili tarehe 11 Mei, akafariki hospitalini Alhamisi tarehe 15, na kwa kuwa najua mnachofikiria, nasi tulikifikiria, tuliwahoji madaktari mara tatu, wakatujibu kwa subira, ilikuwa shinikizo hilo la damu, hakuna mkono wa mtu. Kitandani ndipo aliponieleza habari ya doa, akanipa ile chupa.

Juzi ofisa mmoja alininong'oneza kwamba swali limekufa na mwenyewe, lakini Mheshimiwa Hibo, aliyeketi naye katika kamati, ameniambia mbunge mwingine anaweza kulichukua akitaka. Akitaka! Leo wageni wetu wamekuja kwa boti ya wagonjwa, iko pale ufuoni, ina jina jipya, jina la tatu, na kulipopambazuka, wao wakinywa chai, mimi nilikwenda nikainama chini ya kiti, na doa liko pale pale.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, inawashukuru majirani, hasa Mama Tima wa duka la vyuma aliyetuazima turubai na hakuuliza litarudi lini, na wazee wa kanisa waliokuja jana kuomba radhi mbele ya jeneza, ero kamano, asanteni. Shukrani kwa wabunge wenzake tumeiandika, lakini hatutaisoma leo, tutaisoma Jumanne jioni, tukishaona nani amesimama. Waheshimiwa wabunge, chupa ya rangi nimeiweka hapa juu ya jeneza, na tutakapolishusha sitaki kuikuta bado hapo.

Pumzika kwa amani, dada, sasa tutumbukize sisi mkono.