Fundi Sikio, Aliyetaka Kuisikia Pampu ya Pili

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Sikio na wachache sana mlilijua jina lake la cheti, alizaliwa tarehe 14 Juni 1963, mtoto wa pili wa baba aliyekuwa mpima mbao kiwandani na mama aliyekuwa fundi cherehani. Wasifu huu unasomwa na dada yake, mzaliwa wa kwanza, aliyembeba mgongoni na kumfuta kamasi. Akisifiwa kupita kiasi hapa, mtajua kosa ni la nani. Mama yao alikuwa akisimulia kwamba kichanga yule hakulala ila cherehani ikiwa inalia. Ikinyamaza tu, macho kodo. "Huyu si mtoto, ni msimamizi," mama alisema. Basi dada mtu, akiwa na miaka minane, aliwekwa kukanyaga cherehani tupu, bila nguo wala uzi, ili mdogo wake apate usingizi na mama apate kuonja uji wake ungali wa moto.

Alianza shule ya msingi mwaka 1971 na kumaliza 1977. Tusidanganyane, hakuwa wa kwanza darasani. Hesabu alizimudu, lakini insha zilimpiga chenga. Insha yake ndefu kuliko zote ilikuwa na mistari sita, na wa kwanza ulikuwa jina lake. Mwaka 1980 alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu umakanika mwaka 1982. Huko ndiko alikobatizwa Sikio, kwa sababu alikuwa akiinama juu ya injini, anafumba macho kama mtu anayesikiliza umbea wa ukuta wa pili, kisha anautaja ugonjwa. Mara nyingine alikosea, na akikosea alinuna mpaka jioni.

Aliajiriwa mwaka 1983 kwenye karakana ya kampuni ya malori, na mwaka 1991 akafungua gereji yake nyuma ya maduka ya matairi: banda la mabati lenye mlango wa kuinua uliokuwa ukilia kuliko magari yote aliyoyatengeneza. Hakuwahi kuutia grisi. Mganga hajigangi.

Kazi iliyompa jina ilikuwa magari ya turbo, na ndani ya kazi hiyo, mafuta. Vijana walikuwa wakimjia mbio mbio: "Fundi, niongezee upepo tu, gari lipae!" Naye aliwajibu bila kuinua kichwa, "Upepo nitakuongezea. Na mafuta? Utaalika wageni mia kwa sufuria moja?" Aliwaeleza kwa subira, hata wale wasiotaka kueleweshwa, kwamba turbo inasukuma hewa nyingi ndani ya injini, na hewa ikizidi mafuta yakapungua, pistoni zinaungua. Kwa hiyo alifunga pampu mbili za mafuta. Ya kwanza inafanya kazi wakati wote. Ya pili inakaa kimya, na inaingia kazini pale tu turbo inapokaza, gari likiwa na mzigo au mlimani. Ndiyo maana hakukubali kamwe gari lisifiwe likiwa limesimama uwanjani linanguruma. "Likisimama, kila fundi bingwa," alisema. "Twende kilimani."

Mwaka 1992 alikuja gerejini mwalimu wa udereva, binti mmoja mwenye sauti ya kuamrisha, analalamika kwamba gari la shule linapiga kelele breki zikishikwa. Breki zilitengenezwa. Jumatano iliyofuata gari likaugua tena, na Jumatano nyingine tena. Mafundi wenzake wakaanza kucheka chini chini, maana gari lile lilikuwa zima kabisa. Fundi Sikio, aliyesikia kila kitu, hili hakulisikia mpaka dada yake alipomwambia, "We mjinga, gari haliumwi. Mwenye gari ndiye anayeumwa." Walifunga ndoa tarehe 5 Desemba 1992. Tangu siku hiyo mpaka ya mwisho alimwita mkewe Mwalimu, naye Mwalimu alimwita Fundi, hata wakigombana. Walijaliwa mtoto wa kike na wa kiume.

Mwishoni mwa mwaka 2022 alianza kukohoa kikohozi kisichosikia dawa. Hospitali walikuta uvimbe kwenye mapafu. Alitibiwa, akapata nafuu, akarudi gerejini, kisha mwanzoni mwa mwaka huu uvimbe ukarudi na hasira zake. Wakati huo alikuwa ameshalifungua gari la mkewe, lile la bluu la mgongo mrefu. Miaka ya nyuma, kwa mbwembwe za ujana uliochelewa, alikuwa ameliongezea nguvu ya turbo na kuliachia pampu yake moja ile ile ya kiwandani. Likawa linamsumbua akilini. Mwalimu ni mtu wa kukanyaga mafuta, na anasafiri mbali peke yake.

"Fundi, pumzika," mkewe alimwambia. "Nitapanda basi."

"Nikuache na gari la kukuunguzia injini porini? Hilo sitaki. Nikifa nisikie kwanza pampu ya pili inaingia."

"Usiseme kufa."

"Basi shika spana wewe, mimi niseme mengine."

Daktari alikuwa amemkataza harufu ya petroli. Kwa hiyo aliwekewa kiti nje ya mlango, shuka mapajani, na Mwalimu akawa mikono yake. Aliyeyaona hayo hatayasahau. Mwanamke aliyefundisha nusu ya mji huu kuendesha alikuwa amelala kifudifudi kwenye buti la gari, anateremsha pampu mbili ndani ya tangi, na mumewe anafoka kutoka kitini kwa sauti iliyobaki nusu. "Usitumie waya wa zamani, ni mwembamba, pampu zitapata umeme wa kuombaomba! Vuta mnene, toka betri moja kwa moja, kila pampu na fyuzi yake." Naye anajibu, "Nimesikia, mheshimiwa." Walicheka sana siku zile. Watu wa nyumba hiyo watawaambia kwamba hawakuwahi kucheka vile hata walipokuwa wachumba.

Tarehe 3 Aprili 2024 alizidiwa, na gari lililokuwa karibu lilikuwa hilo hilo. Mwalimu alimpakia akaelekea hospitali, na hospitali, kama mjuavyo, iko juu ya kilima. Katikati ya mwinuko gari likaanza kukwama kwama na kukohoa. Fundi alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, macho yamefumbwa. "Kanyaga taratibu, Mwalimu," alisema. "Ya pili haijaingia." Walipanda polepole mpaka juu, watu wakiwapigia honi nyuma.

Alilazwa. Siku za kitandani aliongea kidogo, na kidogo hicho kilikuwa gari. Asubuhi ya tarehe 11 Aprili alimuuliza mkewe, dada mtu akiwa upande wa pili wa kitanda, "Waya wa hasi wa ile ya pili. Ulipoufunga kwenye bodi, uliikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa?"

Mwalimu aliitazama mikono yake. "Nilipafuta kwa kitambaa."

Fundi alicheka mpaka muuguzi akaja. Umeme haupiti kwenye rangi, na kosa hilo, alisema, hata yeye alilifanya mwaka wake wa kwanza, kwenye lori la bosi. Kisha akamshika mkono. "Nenda kalikwangue. Halafu lipandishe kilima. Ukianza kupanda nipigie simu, uiweke kwenye kiti. Usiniambie kitu. Niache nisikie mwenyewe."

"Siondoki hapa."

"Mwalimu. Nakuomba."

Akaenda. Na hapa wasifu huu utatoka kidogo kwenye njia yake, mtavumilia. Tangu siku ile yamesemwa maneno. Imesemwa kwamba mume anakata roho, mke yuko kilimani anajaribu gari. Ulimi hauna mfupa. Waliosema wapo hapa leo, na wamepewa viti kama wengine. Lakini hao si hoja. Hoja ni mjane mwenyewe, kwa sababu naye anayasema, usiku na mchana, akijisemea. Alirudi wodini na mikono ya grisi akakuta shuka limeshafunika uso, na tangu hapo hataki gari litajwe. Anasema alimwacha afe peke yake, na kwamba alipopiga simu ilipokelewa lakini hakusikia mtu. Dada mtu amemweleza yaliyotokea, si mara moja. Jibu lake ni hilo hilo: "Wifi, unanifariji tu."

Sasa dada mtu atayasema mbele ya jeneza hili, mahali ambapo yeye hana ujasiri wa kusema uongo, na nyote muwe mashahidi.

Simu ilipoita, dada alipokea akaiweka kwenye sikio la mdogo wake bila kusema kitu, kama alivyoagiza. Ulisikika mngurumo wa gari likipanda, ukapanda nao, ukakaza. Yeye alifumba macho, akainamisha kichwa vile vile alivyokuwa akiinama juu ya injini za watu miaka arobaini. Ikafika ile sehemu ambapo lilikuwa likikohoa. Halikukohoa. Lilivuta, likavuta, sauti moja tu, nene. Akasema, "Imeingia." Alisema kwa pumzi, si kwa sauti, hata dada aliyekuwa ameinama karibu naye alilisoma neno hilo midomoni. Ndiyo maana wewe, wifi, hukulisikia. Kisha akasema la pili, na hili dada mtu amekuwa akilizuia kooni mpaka leo kwa kuwa kila akilianza linamliza. Alisema, "Ananipeleka vizuri." Hakusema tena kitu. Gari lilipokuwa limefika juu, yeye alikuwa ameshakwenda.

Hakufa peke yake, wifi. Alikuwa garini, na wewe ndiye uliyekuwa unaendesha.

Marehemu ameacha dada mmoja, wadogo wawili wa kiume, binti na mtoto wa kiume, mjukuu mmoja ambaye naye halali bila kelele, mafundi aliowafunza, na mke, aliyekuwa pale pale alipotumwa na mumewe. Na apumzike kwa amani, ile ile iliyokuwa usoni mwake simu ikiwa bado sikioni.