Suruali ya Namba Kumi na Tisa

Treni ilikuwa haijaiacha stesheni vizuri, na wale wawili mbele yangu walikuwa wameshaanza kubishana, kwa adabu. Gazeti la mzee ndilo lililoleta balaa: wanasheria wanataka mateka wa vita, wageni wanaoshikiliwa kambini bila kesi, wafikishwe kwa hakimu.

"Mahakama zetu ni za raia," alisema mzee. "Hao walikuja na bunduki."

"Sisemi waachiwe, baba," alijibu mama aliyepakata furushi la nguo za kijivu. "Nasema mtu asomewe kosa lake, ajitetee."

"Mwanangu alirudi ndani ya sanduku. Yeye alisomewa kosa gani?"

"Pole sana, baba." Akalifungua furushi. "Mimi ndiye ninayewashonea. Kambi huniletea vipimo kila mwaka. Mateka namba kumi na tisa ameandikwa kamanda." Akachomoa suruali moja, akaikunjua mapajani. "Kila mwaka naambiwa nimrefushie."

"Wamekosea kupima."

"Miaka mitatu mfululizo? Kamanda gani huyo bado anakua?"

Mzee aliitazama suruali kana kwamba imemtukana. Nami nilikuwa nimesahau kujifanya nasoma.

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza," alisema hatimaye, ila kwa sauti ya mtu anayejisemesha mwenyewe.

Treni ikasimama. Alikunja gazeti, akainuka, kisha akaushika upindo wa ile suruali kwa vidole viwili.

"Mwaka huu umeongeza kiasi gani?"

"Upana wa hivyo vidole vyako viwili."