Laban Pekeshe, Kiongozi wa Kamba, Anaondoka Kivukoni

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kuvuta kamba katika kivuko cha Garsen, Bwana Laban Pekeshe anastaafu tarehe 30 Juni 1958. Sisi wavutaji wenzake tumeombwa na ofisi tuandike machache, yawe ya kufurahisha, na tuiache habari ya Mei 1954. Machache hatuwezi. Ya kufurahisha yapo tele. Na habari ya Mei 1954 tutaieleza yote, maana ndiyo iliyotufanya tushike kalamu.

Laban ni mtu wa Ngao. Alikuja Garsen akiwa kijana mwenye mabega mapana na sauti ya kuwashtua viboko, na ni sauti hiyo iliyompa kazi. Pantoni yetu haina injini. Inavutwa kwa kamba kutoka ukingo hadi ukingo, na wavutaji hawawezi kuvuta kwa pamoja bila mtu wa kuita wimbo. Yeye huita, wengine huitikia na kuvuta. Asipoita, pantoni haiendi. Na mwenye wimbo akiwa amesimama pale pale, mwingine hathubutu kuuita, kwani ni kumtukana mbele ya watu. Mwaka 1936 Laban alikabidhiwa wimbo, akawa Kiongozi wa Kamba.

Amevusha maharusi wa Ozi, magunia ya mpunga, askari, wahubiri na ng'ombe wa Waorma wasio na idadi. Wakongwe bado wanamkumbuka ng'ombe wa Mzee Diba aliyekataa katakata kushuka, akavuka na kurudi nasi tangu asubuhi hadi adhuhuri. Laban alimpa cheo cha abiria wa kudumu, akamtungia ubeti wake.

Miaka hii ya hamsini wakaanza kupita watu wa likizo, wakielekea kisiwa cha pwani kilicho mbele ya safari yao. Hoteli moja mpya ya huko ilibandika tangazo kwenye ukuta wa banda letu: kisiwani kuna jua mwaka mzima. Laban alilichukia tangazo lile kama mtu anavyomchukia jirani mwongo. Memsabu mmoja alipomwuliza kama kweli huko hakuna mvua, alimjibu kwa Kiswahili chetu cha mtoni: "Jua iko, memsabu. Januari mpaka Machi iko kali, kichwa inauma. Mei mvua inapiga kwa ubavu, mwavuli inageuka. Julai upepo ya kusi inaleta baridi, vaa sweta. Novemba mvua inarudi kidogo. Mwaka mzima vitu yote iko, kila moja na zamu yake." Memsabu alicheka, akavuka. Aliporudi Agosti alimpa Laban sweta yake, akasema yeye hataki kuiona tena.

Wenye hoteli hawakucheka. Walilalamika ofisini kwamba mvuta kamba anawaharibia biashara.

Basi ikaja ile asubuhi ya Mei. Mbingu nyeupe, jua linawaka, magari ya watu wa likizo yamejipanga ukingoni. Jioni iliyotangulia, Mahmud, mkulima wa Wenje, huko juu ya mto, alikuwa ameteremka kwa mtumbwi akiwa na habari kwamba maji yameingia kwenye mahindi na watu wanahamisha vyombo. Kwetu habari hiyo inatosha. Maji ya Wenje hushuka Garsen kwa wakati wake, hata kama juu yetu hakuna wingu la kuziba jicho. Laban aliiweka kamba chini, akaikalia.

Bwana Msimamizi wa kivuko alimwamuru ainuke, akamwonyesha jua kwa kidole. Laban akasema, "Hiyo jua ni ya hapa, bwana. Maji inatoka mbali." Msimamizi akamgeukia Kassim, msaidizi wa Laban, aite wimbo. Kassim anaujua wimbo wote, mpaka ubeti wa ng'ombe. Akajibu kwamba koo linamuuma. Aliyefuata naye koo lilikuwa linamuuma. Asubuhi ile makoo yote ya Garsen yaliugua, na mwandishi wa haya hakupona mapema. Magari yalingoja siku mbili, kisha yakageuza kurudi Malindi.

Na mto? Mto haukujaa. Tunalisema wenyewe kabla hatujasemewa. Maji yalitawanyika kwenye mabwawa ya juu, na yalipofika kwetu yalipanda kama kiganja tu. Msimamizi alimcheka Laban mbele ya wote, akamvua uongozi, akamrudisha kuwa mvutaji wa kawaida. Kassim akaamriwa kushika nafasi. Alikataa, na ni Laban mwenyewe aliyemshika mkono akamwambia, "Chukua, mdogo wangu. Wimbo nimekupa mimi, si wao."

Wanasema alikosea. Sisi tunauliza, alimkosea nani? Wasafiri wale walikuwa na hasira, lakini wakavu, na watoto wao mapajani. Tunajua mto huu ulichowahi kuwafanyia walioliamini jua.

Mwaka 1956 aliitwa ofisini. Akaambiwa atarudishiwa uongozi ikiwa atasimama mbele yetu na kukiri kosa. Laban alikubali kusimama. Tulikusanyika, naye akasema, "Maji nilikosea. Kuwazuia watu sikukosea. Siku kama ile ikirudi kesho, nakaa tena juu ya kamba." Wakamtaka aseme ile sentensi ya kwanza peke yake. Akavaa kofia yake, akarudi kazini kuvuta mahali pake pa nyuma, na hapo ndipo alipobaki hadi leo.

Tunamshukuru kwa sauti yake, kwa ubishi wake, na kwa kila abiria aliyefika ng'ambo bila kujua jina lake. Tunamshukuru pia Mama Rebecca, mkewe, aliyeishi na ubishi huo nyumbani, ambako hakuna msimamizi wa kumvua cheo. Wanarudi Ngao kwenye shamba lao la mpunga. Laban, tunakuombea afya, mvua kwa kiasi, na majirani wa kubishana nao.

Ofisi inamuaga leo kama mvutaji wa kawaida. Sisi tumemwandika Kiongozi wa Kamba, kwa herufi kubwa, tena bila kuomba ruhusa. Anayetaka tufute, aje kivukoni atuambie, nasi tutakaa juu ya kamba.