Bwana Anuari Kitwana na Magari Yetu Yaliyogongwa Kidogo

Baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bwana Anuari Kitwana anastaafu rasmi tarehe 30 Juni mwaka huu. Ofisi yetu ya bima hapa Kariakoo imebadilisha mameneja, imebadilisha mtaa, imebadilisha hata rangi ya sare, yeye yupo tu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi Severa, mama wa chai, niandike, eti namjua kuliko wote. Hawajakosea.

Bwana Anuari aliingia kama tarishi, akasoma masomo ya jioni, akapanda hadi kuwa ofisa madai. Kazi yake wateja hawaipendi: gari limegongwa kidogo, mwenyewe anataka kujua adai bima au amalizane na fundi. Wengi hufika wanafoka tangu mlangoni. Yeye huwasalimia, huwaulizia watoto, kisha hutoka nje kulitazama gari. Hulizunguka. Hufungua buti, hulifunga, husikiliza mlio wake. Wauza mikoba wa barazani kwetu humtania, "Daktari, mgonjwa anasemaje?" Naye hujibu kuwa anakohoa ila hajazidiwa.

Akiona ni mkwaruzo, hafichi: matengenezo haya hayafiki hata kile kiasi unachotakiwa kubeba mwenyewe kabla bima haijalipa, na ukidai utapoteza punguzo lako mwakani. Nenda mtaa wa Gerezani kwa fundi bodi. Mzee Abdulmajid, muuza mapazia, aliambiwa hivyo kwa taa iliyopasuka, akatangaza mtaa mzima kuwa Anuari anabania pesa za ofisi. Alipokuja kukata bima upya akakuta punguzo lake liko palepale, alileta sinia la halua. Niliikata mimi mwenyewe, kwa hiyo nasema ninachokijua.

Sasa niwaambieni la kwangu. Binti yangu Hajira mnamjua, yule mwenye shahada ya ugavi, wa kwanza katika ukoo wetu wote. Hakukaa kungoja ajira. Alinunua gari, akaliwekea mfumo wa gesi badala ya petroli, mtungi ukakaa kwenye buti, sasa anabeba abiria wa kuita kwa simu na wanampa nyota tano. Asiyeamini aje jikoni nimwonyeshe. Mwaka jana, pale Msimbazi, kirikuu, kile kigari cha mizigo, kilichojaa marumaru kilirudi nyuma kikamgonga kwa nyuma, dereva akatokomea. Alama yenyewe ndogo, unaifunika kwa kiganja. Hajira ana bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, na hajawahi kudai. Akaniambia, "Mama, usinipeleke kwa watu wako. Fundi anapiga rangi leo, jioni niko barabarani." Nikaona mtoto kasema la maana, si ndivyo Bwana Anuari anavyosema siku zote?

Hajira alipopita ofisini kuchukua chakula chake, Bwana Anuari akaomba kulifungua buti. Akalifunga. Akalifungua tena. Safari hii hakutania. Alimwambia Hajira azime gari, akaita fundi aje alivue bampa palepale kando ya barabara. Hajira alichachamaa, ana abiria wa Bagamoyo anamsubiri, na gari lake si nguo ya kuvuliwa hadharani! Wauza mikoba wakacheka.

Bampa likatoka, wakasogea kuchungulia. Nyuma yake chuma kimekunjika, sakafu ya buti imevimba, na kishikio cha mtungi wa gesi kimepasuka. Mtungi ukiusukuma kwa mkono unacheza, na huko njiani ungeweza kung'oka gesi ikavuja. Bampa lilikuwa limerudi mahali pake, likaficha yote. Mwanangu aliketi kwenye ukingo wa barabara.

Bwana Anuari huyohuyo wa kubania pesa za ofisi ndiye aliyesema, "Hili lidaie bima, mwanangu. Punguzo litarudi." Akamkataza fundi kugusa kitu kingine, maana wengi wetu hukosea hapo: hunyoosha na kupaka rangi kwanza, halafu huja kudai kwa gari lisilo na alama. Akamwelekeza Hajira kwenda polisi kuchukua ripoti, kisha akamkabidhi mwenzake dai lile, isije ikasemwa kampendelea mtoto wa mama chai. Gari lilitengenezwa lote, mtungi ukafungwa upya na wataalamu. Punguzo la mwaka ule lilikwenda. Liende!

Bwana Anuari anahamia Kigamboni na mkewe, Bi Amira. Siku ya sherehe atakayewapeleka hadi mlangoni ni Hajira, na nauli hapokei. Wenye magari makubwa msijisumbue.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, tunakushukuru, Bwana Anuari. Mungu akupe afya, usingizi wa mchana usio na simu ya mteja, na wajukuu wa kukuchosha kwa raha. Kwangu mimi, kila jioni mwanangu anaingia ndani, anatupa funguo mezani na kuuliza, "Mama, leo kuna chakula gani?" Ahsante kwa swali hilo.